Tupeane uzoefu: treni na meli za Skandinavia "majira ya joto"

Kinyozi_Tandika: Wakuu, shemeji anatua Stockholm mwezi wa saba, kisha meli hadi Helsinki. Kafungasha tisheti na ndala. Nimecheka nikakumbuka mbali. Waliopita huko mwageni hapa.

MamaNasra: Meli hiyohiyo! Saa nne usiku jua linawaka, nikapanda sitahani kwa mbwembwe. Upepo ulinirudisha mbio. Vile visiwa wanavyovisifia nilivitazama kupitia dirisha la baa.

Bwete: Naunga mkono. Jua la kule la kupigia picha tu.

Mkwe_wa_Tanga: Hamjaona kitu nyie. Mama mkwe kaja kututembelea Oslo, katikati ya Juni nikampandisha treni ya Bergen. Inapanda mlima mpaka Finse, mita 1,222, kituo cha juu kuliko vyote Norwei, na theluji bado imelala kando ya reli. Treni ikasimama, wavuta sigara wakashuka, na bibi huyooo, khanga kiunoni, ndala juu ya soksi, kwenda kuishika theluji kwa mkono wake. Mimi niko chooni na mtoto. Narudi, kiti kitupu, treni inaondoka, namwona dirishani ana bonge la theluji ananipungia! Wakuu, Finse haina barabara ya magari. Ni treni au miguu yako. Kondakta akapiga simu, mimi nikashuka Myrdal, kituo cha mbele, kungoja treni ya kurudi, jasho linanitoka kwenye baridi ile. Namkuta hotelini palepale kituoni, kavikwa sweta la mtu, watalii wamemzunguka, anakunywa chokoleti ya moto. Ananifokea: "Mlikuwa mnakwenda wapi bila kuniaga?"

Kipusa: Hiyo chai, mkuu.

Mkwe_wa_Tanga: Njoo PM nikupe namba yake akutukane mwenyewe.

Bwete: Siyo chai, treni haisimami sana pale. Mtu wa khanga ataachwa tu.

Sharifu_Malmö: Turudi kwenye meli. Shemeji achukue kabini ya chini, bei nafuu.

MamaNasra: Usimpoteze mtoto wa watu! Chini ni injini usiku kucha. Bora akajilaze kwenye kapeti na shuka lake.

Sharifu_Malmö: Na saa aangalie. Helsinki majira ya joto ni sawasawa na Dar, Stockholm iko nyuma saa moja. Aulize kifungua kinywa kinafuata saa ya wapi.

Abuu_K: Mimi nilipanda treni ya usiku ya Narvik, nikashuka Abisko, kaskazini kabisa mwa Sweden. Juni jua halizami kabisa. Isha mnasali saa ngapi?

Kipusa: Fuata saa za Makka.

Abuu_K: Nani kakwambia? Unafuata mji wa karibu ambao jua linazama.

Kipusa: Leta dalili, shehe.

Kinyozi_Tandika: Fungueni uzi wenu jamani. Mkwe wa Tanga, Bergen mlifika?

Mkwe_wa_Tanga: Usiku, mvua ya kumwaga. Bibi akasema bora tungemwacha Finse.