Kiuno kilipogoma: kairoprakta au hospitali? Tupeane uzoefu

Kobe Mzee: Wakuu, asubuhi nimeinama kufunga kamba za viatu, nikakwama hapohapo. Nimekumbuka mwaka ule nilivyotambaa hadi chooni. Daktari alinipa diklofenaki, vidonge vya maumivu. Shemeji akaona haitoshi, akanipeleka kwa kairoprakta, wale wanaonyoosha mgongo kwa mikono. Mgongo ukalia ka! ka! nikatoka wima kama mlingoti. Siku ya tatu yakarudi yaleyale. Wenzangu mlifanyaje?

Mama Pacha: Hiyo ka ka naijua. Raha yake usiombe.

Nyundo: Mlio ule ni gesi ndani ya kiungo, si mfupa kurudi mahali pake. Mnalipia mlio.

Mama Pacha: Wewe umewahi kuumwa, au unasoma tu?

Nyundo: L5, pingili ya chini kabisa ya kiuno, miaka sita. Swali lingine?

Tulivu: Sikutaka kuandika. Maumivu yalikuwa yanashuka mguu wa kushoto mpaka kidoleni. Hospitali walinipa vidonge, nikarudi nyumbani. Nikaenda kunyooshwa mara tatu, nikapata nafuu kidogo. Siku ya nne naamka, nakaa kitandani, sihisi nilichokalia. Ganzi kuanzia makalio hadi sehemu za siri. Mkojo umejaa na hautoki. Nikajikokota kwa kairoprakta kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Nilipomweleza akarudisha mikono nyuma: "Sikugusi. Hospitali, sasa hivi." Diski, ule mto laini kati ya pingili, ilikuwa imebana mishipa ya fahamu mwisho wa uti. Nikapasuliwa usiku uleule. Mkojo umerudi, mguu bado naukokota.

Kobe Mzee: Nimejifinya makalio mara mbili. Yanahisi, alhamdulillahi.

Mama Pacha: Pole sana. Kumbe kairoprakta ndiye aliyekuokoa!

Nyundo: Au ndiye aliyeimalizia hiyo diski.

Tulivu: Nilimuuliza daktari wa upasuaji. Akasema hawezi kujua. Naomba msinigombanie.

Zamu ya Usiku: Mimi ni muuguzi. Nyundo, hata mwongozo wa 2017 wa American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, kwa maumivu mapya ya kiuno, unatanguliza joto, masaji na huko kunyooshwa kabla ya vidonge. Na unakiri wengi hupona wenyewe. Ila ganzi kama ya Tulivu, kimbia.

Nyundo: Basi nalipia kupona mwenyewe.

Babu Fimbo: Lala sakafuni siku tatu.

Mama Pacha: Usilale! Kulala ndiko kulikonikausha. Tembea.

Kobe Mzee: Sawa, natembea. Kamba nani atanifungia?

Babu Fimbo: Vaa ndala.