Ugoko wangu ulipata ufa nikijiandaa na marathoni, sasa nataka kuuza mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, kwa wakimbiaji. Nianzie wapi hapa Moshi?

Binti_Kibosho

Habari za jioni wadau, na shikamooni wakubwa. Nina miaka 33, naishi Soweto, ni karani kwenye duka la pembejeo hapa mjini. Nahitaji ushauri wa biashara, ila lazima nianze na mguu wangu kwa sababu biashara yenyewe imetokea huko.

Nilijiandikisha Kilimanjaro Marathon ya Februari 2025, kilomita 42. Ile ya 21 nilishaimaliza mara mbili, nikajiona nimeiva. Kuanzia Novemba naamka saa kumi alfajiri, naelekea barabara ya Mweka. Walioipanda wanaijua, haina mahali pa kupumzikia. Ndani ya wiki tatu nilitoka kilomita 40 kwa wiki nikafika 75. Nikirudi naoga, chai na andazi, kazini. Mchana nakula kidogo nisije nikawa mzito jioni. Desemba sikuona siku zangu, Januari hivyo hivyo. Nikapima, sina mimba, nikaendelea na mazoezi. Ugoko wa kushoto ukaanza kuuma mahali pamoja tu, padogo kama sarafu ya mia mbili. Nikafunga bandeji. Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu, nikaambiwa ni misuli. Wiki tatu baadaye nilishindwa kushuka kwenye daladala, konda akanishika mkono. Eksirei ya pili ikaonyesha ufa.

Mama akaja kunichukua, akanipeleka nyumbani Kibosho, akanilea kama mzazi aliyetoka kujifungua. Ndivyo alivyosema kwa majirani: "Nina mzazi ndani." Asubuhi mtori wa ndizi mshare na nyama ya mfupa, maziwa yamemiminwa juu. Saa nne uji wa ulezi. Nikinyanyuka kuchukua kikombe ananirudisha kitini. Nilikuwa nalia, jamani, si kwa maumivu, ni kwa sababu tangu nianze mazoezi hakuna aliyewahi kuniambia kaa ule. Wiki ya sita nikatembea bila magongo. Wiki ya kumi na mbili nikaanza kukimbia dakika moja, natembea mbili. Hedhi ilikuwa imerudi kabla ya hapo.

Sasa niko na kundi la Jumamosi, watu kama 25, tunaanzia uwanja wa Ushirika. Tangu mkimbiaji wetu Simbu achukue dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo Septemba 2025 sura mpya hazikauki. Wanakimbia kilomita 18, wanakunywa soda, wanapiga picha, wanaondoka na njaa. Nawaangalia najiona mimi wa Desemba ile.

Wiki mbili zilizopita, Jumamosi, nilipika. Mkungu wa mshare 14,000, nyama na mifupa kilo 3 kwa 30,000, maziwa lita 2 kwa 4,000, vitunguu na siagi 5,000, mkaa 4,000. Jumla 57,000. Yalitoka mabakuli 30 kwa 2,500, yote yakaisha, nikabaki na 18,000.

Maswali yangu: nipange kibanda karibu na uwanja, au niwapelekee makazini kwenye hotpoti? Na je, nifungashe pia maji ya chumvi na sukari kwenye chupa? Akiba yangu ni laki sita.

MamaLishe_Majengo

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimepikia watu miaka 19, nitakwambia ninavyoona.

Hesabu yako ina mtu ambaye hajalipwa, ni wewe. Kumenya mkungu mzima, utomvu mpaka kwenye kucha, kuamka usiku, bodaboda ya kubeba sufuria, kuosha mabakuli 30. Jilipe hata 10,000 uone hiyo 18,000 inabaki ngapi. Kisha gawa hiyo faida kwa siku saba, maana hao watu 25 ni wa siku moja kwa wiki. Kodi ya kibanda inadai siku zote thelathini. Usipange.

Jambo la pili, usipimie biashara wiki ya marathoni. Wiki ile mji unafurika, hata maji ya moto utauza. Wiki inayofuata utalia.

Kuhusu kupika: menya ndani ya maji, na mikono uipake mafuta kwanza, ndizi haitakuwa nyeusi. Mtori ukipoa unaganda kama ugali, kwa hiyo supu ya mifupa itunze pembeni kwenye chupa ya chai, mteja akichelewa unaulegeza kwa supu, usiulegeze kwa maji. Ukiweka maji mara moja tu mtu anajua. Maziwa weka kwenye bakuli la mteja, usimimine sufuriani, sufuria nzima itakuchachia.

Mtori wako ni mzuri, nimeamini, umeisha. Ila tafuta watu wanaochoka kila siku.

Viungo_Arusha

Dada, mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Arusha, na wakimbiaji ndio wagonjwa wangu wengi. Nitaacha biashara kwa wanaoijua.

Ulichopata hakikuanzia mguuni. Ulikuwa unatumia nguvu nyingi kuliko chakula ulichokula. Mwili ukikosa chakula unapunguza matumizi, na kwa mwanamke uzazi ndio unaozimwa mapema. Homoni zikishuka mfupa unakosa ulinzi, huku wewe unaugonga zaidi kila wiki. Mwanamke anayefanya mazoezi akikosa hedhi na hana mimba, aende hospitali, hata kama anajisikia mwepesi. Na ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei za mwanzo, unaonekana mfupa ukishaanza kujiunga. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole yasikimbiliwe.

Mtori unafaa kwa sababu una wanga wa ndizi, protini ya nyama na maziwa, chumvi na maji, vyote kwenye bakuli moja, na mtu aliyechoka anaweza kuumeza. Lakini naomba sana, usiandike kwenye bango kwamba unatibu mifupa. Andika mtori.

Maji ya chumvi na sukari yana kipimo chake: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta. Hicho ni kipimo cha anayeharisha. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto atakayeikuta chupa nyumbani. Wafundishe wateja wachanganye wenyewe, usifungashe.

Mzigo_20kg

Mama wa Majengo amesema watu wanaochoka kila siku. Tupo.

Mimi ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, mwaka wa nane. Tukipanda Machame tunashukia Mweka, siku sita au saba, mzigo kilo 20 unapimwa getini. Siku ya mwisho tunashuka na magoti yanatetemeka, na tumbo limechoka wali wa kambini. Kuanzia saa tatu asubuhi tunaanza kufika geti la Mweka. Hapo kuna bia, chipsi na mishikaki. Supu ya mifupa na ndizi kama ya mama sijaiona. Wengi wetu hatunywi bia saa tatu asubuhi, tunakunywa kwa kuwa ndiyo iliyopo.

Bei: buku mbili tunalipa. Buku mbili jero utapata wachache. Na ujue Aprili na Mei mvua zinapunguza wageni, usikope ukategemea miezi hiyo. Kingine, weka benchi. Mtu ameshuka toka juu anataka kukaa, sio kusimama na bakuli.

Karatasi_Kwanza

Nyongeza fupi. Mweka si Manispaa, ni Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, kwa hiyo leseni ya Manispaa haitakusaidia kule. Anza na ofisi ya kijiji, uliza eneo lililoruhusiwa, usiweke chochote ndani ya mipaka ya hifadhi. TIN, namba ya mlipakodi ya TRA, unaipata bila malipo. Kapime afya upate cheti cha mpishi kabla afisa afya hajakuuliza. Kusajili jina la biashara BRELA kunaweza kusubiri. Alama ya ubora ya TBS ungeihitaji kama ungefungasha chupa, na hilo umeshashauriwa.

Binti_Kibosho

Nimesoma yote mara mbili, na ya Viungo_Arusha nimemsomea mama. Alinyamaza, kisha akasema dada yangu mdogo naye anakimbia, nimwite nyumbani. Nimemwita.

Kibanda sipangi. Chupa sifungashi. Nimerudia hesabu kwa 2,000: nyama nipunguze, mifupa niongeze maana mchinjaji wa Kiboriloni ananipa kwa bei ya chini, mkungu nitoe kwa mama badala ya sokoni, nimlipe 10,000 yake. Inatoka 46,000, na mabakuli 30 ni 60,000. Kutoka Kibosho hadi getini ni karibu kuliko kutoka Soweto, kwa hiyo nitapikia kwa mama, na nauli inapungua. Nikijilipa 10,000 inabaki 4,000, ndogo, lakini inaweza kujirudia siku nyingi kwa wiki. Jumamosi ya Ushirika nabaki nayo kwa 2,500 ile ile.

Kazini nimeomba likizo yangu ya siku kumi, nijaribu bila kuacha mshahara. Jumatatu naenda ofisi ya kijiji na kupima afya. Fundi wa Pasua ananichongea mabenchi mawili ya kukunja, 35,000 kila moja.

Mzigo_20kg, kaka, unashuka lini? Nataka bakuli la kwanza ulionje wewe, uniambie kama chumvi imetosha kwa mtu aliyetoka juu.

Mzigo_20kg

Tunapanda Jumanne, njia ya siku saba. Jumatatu inayofuata, saa tatu na nusu, nitakuwa getini. Tuko kumi na wanne.