Nimechomwa sindano 5 za UTI kwa mkojo uliojaa damu ya hedhi, na hakuna aliyeniuliza

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Wiki mbili zilizopita niliamka kiuno kinauma na kahoma kwa mbali. Nilikuwa siku ya 2 ya hedhi. Zahanati daktari hakuninyanyulia hata uso, akaandika mkojo na malaria. Maabara nikapewa kikopo: "Choo kile pale." Basi! Sikuambiwa ninawe kwanza, wala niuachie mkojo wa mwanzo nikinge wa katikati. Nilichorudisha kilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na kibonge cha damu kimetulia chini. Kijana akakiinua kwenye mwanga, akakitazama vizuri tu, akachovya kijiti chake. Kimya.

Malaria hakuna. Mkojo: damu nyingi, protini, chembe nyeupe. "Dada, una UTI kali, na figo ziangaliwe." Sindano 5, moja kila asubuhi, vidonge juu yake. Elfu 62 imeondoka. Usiku silali, nawaza kusafishwa damu.

Nilipoenda hospitali nyingine kuangalia hizo figo, mama wa maabara kabla hajanipa kikopo akauliza: "Hedhi umemaliza lini?" Nikampa majibu ya mwanzo. Akatikisa kichwa. Damu ya hedhi inaingia kwenye mkojo na chembe zake nyekundu, nyeupe na protini zake, kwa hiyo vyote hivyo lazima vipande. Kama hali inaruhusu, mtu husubiri damu ikatike kabisa na siku chache zipite. Kama ana homa hawezi kusubiri, ananawa, anaziba uke kwa pamba safi, anakinga wa katikati, na kwenye fomu inaandikwa kuwa yuko hedhini. Wakiwa na shaka wanauotesha mkojo maabara kuona kama kuna bakteria watakaokua, siku 2 au 3.

Safari hii mkojo msafi, figo nzima. Nikamuuliza, kwa hiyo sikuwa na UTI? Akasema, "Mwanangu, dawa umeshatumia. Hapo hatuwezi kujua tena."

Hicho ndicho kinachoniuma kuliko hela. Kesho nikiumwa kweli na hizo dawa zikagoma kwa usugu, nimlilie nani? Na dada wa kanda ya ziwa mwenye kichocho kinachomtoa damu kwenye mkojo, damu yake si ndiyo itaambiwa ni hedhi?

Wataalamu wa maabara, nijibuni: kuuliza "uko kwenye siku zako?" kunachukua sekunde ngapi?