Saga, kaboni, pete za miti au virusi: ushahidi upi una uzito zaidi kuhusu Wanorsi?

Mdadisi wa Morogoro

Wanajukwaa, salaam. Ninaandaa mada ya semina kuhusu Wanorsi, yaani wale mabaharia wa Iceland na Greenland waliofika Amerika Kaskazini karne nyingi kabla ya Columbus, na msimamizi wangu amenitaka nichague aina moja ya ushahidi niitetee dhidi ya nyingine. Zilizo mezani ni nne: masimulizi yao ya kale yaitwayo saga, kipimo cha kawaida cha kaboni 14 (kukadiria umri wa kitu kwa kiasi cha kaboni hiyo kilichobaki ndani yake), pete za miti zenye alama ya tukio la anga la mwaka 993, na vinasaba vya vijidudu vilivyosalia katika mifupa na meno. Fizikia yangu iliishia kidato cha nne, kwa hiyo naomba mnieleze taratibu.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, mimi nachagua pete za miti bila kusita. Kaboni 14 huzaliwa juu angani pale miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nguvu nyingi zitokazo anga za mbali, inapogonga naitrojeni, kisha mti huivuta pamoja na hewa ya ukaa na kuifungia ndani ya pete ya mwaka huohuo. Kwa kawaida kiasi chake hewani hubadilika polepole, na ndiyo sababu kipimo cha kawaida hukupa kipindi cha miongo kadhaa badala ya mwaka mmoja. Mwaka 2012 Fusa Miyake na wenzake wa Japani walionyesha kwamba ndani ya mierezi ya kisiwa cha Yakushima kaboni hiyo ilipanda ghafla kati ya mwaka 774 na 775, kwa takriban asilimia 1.2, na mwaka uliofuata wakatangaza tukio la pili, lile la 993. Watafiti wengi huyahusisha matukio hayo na dhoruba kali mno za jua. Kwa kuwa hewa huchanganyika dunia nzima, mti wa Japani na mti wa Kanada hubeba alama ileile, hata kama waliokuwa wakiikata hawakuwahi kusikiana.

Sasa nenda L'Anse aux Meadows, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Newfoundland, penye mabaki ya majengo ya Wanorsi. Palipatikana vipande vya mbao vilivyochongwa kwa chombo cha chuma, ambacho wenyeji wa eneo lile hawakuwa wakikitengeneza wakati huo. Watafiti walichukua vipande vitatu kutoka miti mitatu tofauti, wakaitafuta pete yenye alama ya 993, kisha wakahesabu kwenda nje mpaka ukingo wa gome. Zilikuwa pete 28, na miti yote mitatu ikatoa jibu moja, yaani mwaka 1021. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021. Sijui ushahidi mwingine wa enzi ile unaoweza kutaja mwaka kwa namna hiyo pasipo kutegemea maandishi ya mtu yeyote.

Bint Pwani

Shikamoo Mwalimu. Hesabu yako siipingi, ila mti hausemi ni nani aliyeshika shoka, alitoka wapi, wala alikuwa akitafuta nini. Tusisahau pia kwamba Helge Ingstad, mvumbuzi wa Norway, alifika pale mwaka 1960 kwa sababu alizisoma saga na kuziamini kiasi cha kuzifuata baharini, na mkewe, Anne Stine Ingstad, ndiye aliyeongoza uchimbaji uliofuata. Udhaifu wa saga naukubali. Zile mbili zinazohusika ziliandikwa katika karne ya 13, takriban miaka 200 baada ya safari zenyewe, na zinapingana waziwazi: moja inasema baharia Bjarni Herjólfsson ndiye aliyeiona nchi ile kwanza bila kushuka, nyingine inasema baharia Leif Eriksson alisukumwa huko na bahari bila kukusudia. Lakini Adam wa Bremen, padri wa Ujerumani, aliitaja Vinland, jina ambalo Wanorsi waliipa nchi ile, takriban mwaka 1075, kabla ya saga hizo kuandikwa.

Sisi wa Pwani tuna sababu ya kuwa waangalifu katika jambo hili. Tarehe ya Kilwa, yaani masimulizi ya kale ya historia ya mji huo, pamoja na habari zake za Washirazi, ilidharauliwa na wanazuoni wengi kuwa ni nasaba ya kujipamba, kisha mwaka 2023 vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya Pwani vikaonyesha kuchanganyika kwa watu wa asili ya Kiafrika na ya Kiajemi kuanzia takriban mwaka 1000. Maelezo ya tarehe ile hayakuthibitishwa neno kwa neno, lakini hayakuwa uzushi mtupu.

Mtu wa Maabara

Vijidudu vinajibu swali tofauti kabisa, na Mdadisi asivichague kwa sababu vinavutia tu. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba wamepata virusi vya ndui katika mabaki ya watu 11 wa Ulaya ya kaskazini walioishi kati ya takriban mwaka 600 na 1050, ilhali kabla ya hapo ushahidi wa kinasaba wa ndui haukuvuka karne ya 17. Aina ile ya ndui ya enzi za Waviking, yaani mabaharia wa kale wa Skandinavia, imekwisha kutoweka, nayo si mzazi wa moja kwa moja wa ndui iliyomalizikia Merka, Somalia, mwaka 1977. Hayo ni makubwa kwa historia ya tiba, lakini hayakwambii nani alivuka bahari.

Kasoro mbili uzitaje. Jino lisilo na virusi si ushahidi kwamba marehemu hakuugua. Tena, umri wa mifupa yenyewe hupimwa kwa kaboni 14, na mtu aliyekula samaki maisha yake yote, kama Wanorsi wengi, huonekana mkongwe kuliko alivyo kwa sababu kaboni ya baharini ni ya zamani. Hesabu isiporekebishwa, unaweza kukosea kwa miaka mingi.

Mkaa Bara

Mmezisahau kokwa! Pale L'Anse aux Meadows zilipatikana kokwa za aina fulani ya jozi ambayo haioti Newfoundland, inaota kusini zaidi. Aliyezileta alikuwa amefika mbali kuliko kambi yake, na jambo hilo huwezi kulisoma katika pete wala katika virusi.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba binti yangu. Nakubali kwamba 1021 ni mwaka wa kukatwa miti mitatu, wala si mwaka wa kufika kwa mara ya kwanza wala wa kuondoka. Na kabla mtu hajaniuliza kuhusu boriti za mikoko za majumba yetu ya Pwani: miti mingi ya nchi za joto haiweki pete za mwaka zilizo wazi, na boriti iliyochongwa hupoteza ukingo wake wa nje, ambao bila huo hujui uhesabu mpaka wapi.

Mdadisi wa Morogoro

Nawashukuru nyote. Nitatetea pete za miti, lakini nalibadilisha swali la mada: badala ya "Wanorsi walifika lini Amerika" litakuwa "Miti ya L'Anse aux Meadows ilikatwa mwaka gani". Saga nitazitumia kueleza kwa nini mtu alikwenda kuchimba pale.

Mwalimu Mstaafu

Anza na ukingo wa gome, kabla hata ya kulitaja jua. Hapo ndipo watakapokubana.