Ofisi inatupima ushiriki wa vikao kwa kamera, na sisi wa Makete tunaandikwa "hashiriki" na kukatwa posho

Wakuu, heshima kwenu.

Jambo hili nimekaa nalo kifuani wiki tatu, leo limenishinda. Nafanya kazi kwenye mradi wa mbegu za viazi mviringo huku Makete, mkoa wa Njombe. Ofisi kuu iko Dar. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi tuna kikao cha mtandaoni, na tangu Mei wametuwekea programu inayochambua video ya kila mtu na kutoa orodha ya "washiriki hai". Kikao kikiisha, jina lako linakuja na kijani, njano au nyekundu. Ukipata nyekundu mara tatu ndani ya mwezi, posho ya mawasiliano inakatwa.

Juni nimepata nyekundu tatu. Katika vikao viwili kati ya hivyo, mimi ndiye niliyekuwa katibu. Nilikuwa nimeinamia daftari naandika muhtasari, kila azimio na jina la aliyepewa kazi. Muhtasari huo huo bosi aliusaini bila kusahihisha neno. Programu imeniandika kwamba sikuwa makini kwa sababu macho yangu hayakuwa kwenye kioo.

Lakini lililonifanya nifungue uzi ni la bwana shamba mwenzangu, si langu. Siku hiyo alikuwa kwenye shamba la bondeni, akapanda hadi mgongo wa kilima kwa sababu ndipo simu inaposhika mtandao. Kamera aliizima ili sauti isikatike. Alizungumza kama dakika kumi na mbili mfululizo, na upepo tunausikia. Alieleza kwamba ameng'oa mashina yanayonyauka yangali mabichi, akakata kipande cha shina, akakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, na nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka polepole. Anayejua viazi anajua maana yake: mnyauko wa bakteria. Mbegu ya shamba hilo haifai kumfikia mkulima, kwa sababu ugonjwa unasafiri ndani ya kiazi na ukishaingia kwenye udongo kuutoa ni kazi ya miaka. Kikao kizima kilisimama, ratiba ya kugawa mbegu ikabadilishwa pale pale. Jioni ripoti inatoka: bwana shamba, nyekundu, "hashiriki".

Nimempigia simu. Akaniambia, "Dada, kumbe siku ile nilikuwa naongea na nani?" Nilikosa la kumjibu.

Kijana wa tehama makao makuu alinieleza mtambo unavyofanya kazi, na namshukuru kwa kuwa mkweli. Programu inachukua picha moja moja kutoka kwenye video, inatafuta uso, inaweka nukta kwenye macho, pua na pembe za mdomo, kisha inakadiria kichwa kimeelekea wapi na macho yanatazama nini. Mdomo ukicheza, inalinganisha na sauti ijue nani anaongea. Pasipo uso, hakuna cha kupima, basi unahesabiwa haupo. Mtandao ukilegea, simu yenyewe inashusha ubora wa video, uso unabaki madoa madoa, au picha inaganda kabisa, na mtambo unaona mtu asiyepepesa wala kutikisika.

Sasa njooni Julai saa mbili asubuhi, ukungu umekaa hadi mlangoni na sakitu bado iko kwenye majani. Nyumba zetu madirisha ni madogo kwa ajili ya baridi. Ukilifungua upate mwanga, vidole vinakufa ganzi huwezi kuandika. Ukilifunga, chumba ni giza na taa ya sola imeshaishiwa tangu usiku. Kichwani una kofia ya sufu, mtandio umepanda hadi kidevuni. Kamera ya simu ya kawaida itaona nini hapo?

Na rangi yetu ya ngozi nayo imo. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kibiashara zinazotaja jinsia ya mtu kwa kuangalia sura. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Hizo zilikuwa picha zinazoonekana vizuri, siyo video iliyoganda kutoka chumba cha giza Makete. Nimeuliza kazini mara mbili kama mtambo wetu ulijaribiwa kwa watu kama sisi, kwa mwanga kama wetu. Sijajibiwa.

Kuna na la malezi, ambalo watu wa Dar wanalipuuza. Mzee akizungumza, sisi tumefundishwa kuinamisha macho. Kumkodolea mkubwa wako ni utovu wa adabu. Mkurugenzi wetu ni mtu mzima, akianza kuongea nusu ya watu wa nyanda za juu wanatazama chini kwa heshima yake, na kila sekunde ya heshima hiyo inaandikwa kuwa ni uzembe.

Msiniambie ndiyo teknolojia, tuzoee. Zoom wenyewe waliwahi kuwa na kipengele cha kumwonyesha mwenye kikao ni nani ameacha dirisha la kikao kwa zaidi ya sekunde thelathini. Watu walilalamika kwamba ni upelelezi, Aprili 2020 kikaondolewa. Na hicho hakikugusa hata sura ya mtu.

Mtu akitaka kujua nani kashiriki, asome muhtasari. Aangalie nani kauliza, nani kajibu kwenye ujumbe wa maandishi, nani kaleta takwimu za shamba, nani alitumwa kazi akaimaliza. Hayo yote yako wazi, hayahitaji kumpima mtu mboni za macho.

Tena hakuna aliyetuomba ridhaa. Tuliambiwa siku programu ilipoanza kutumika, basi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Sheria inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazikusanyia nini kabla ya kuzichukua, na inakupa haki pale uamuzi unaokugusa unapofanywa na mashine peke yake. Kukatwa posho kwa rangi iliyotolewa na programu, bila binadamu kukuuliza ulikuwa wapi, kama siyo uamuzi wa mashine ni nini?

Naomba msaada kwa waliopitia. Kuna aliyewahi kupeleka malalamiko Tume huku bado yuko kazini? Ulianza kwa kumwandikia mwajiri ukangoja majibu, au ulikwenda moja kwa moja? Na je, tukisaini wengi barua moja inakuwa na nguvu zaidi, au kila mtu apeleke yake? Bwana shamba yuko tayari kusaini, na bibi shamba wawili wa kata za jirani pia. Barua nimeshaiandika, kurasa mbili. Kikao kingine ni Jumatatu.