Soksi za kubana miguu: glavu, kitambaa cha kuteleza au fremu?

Mlezi_Leicester
Habarini wenzangu. Nahudumia wazee majumbani huku Uingereza, na kila asubuhi navalisha soksi za kubana nyumba baada ya nyumba. Nyingi ni za shinikizo la milimita 23 hadi 32 za zebaki, ngumu kweli. Vidole gumba vinaniuma mpaka usiku. Kati ya glavu za mpira, kitambaa cha kuteleza na fremu ya chuma inayoshikilia soksi ikiwa wazi, nianze na kipi?

Nesi_Tanga
Pole sana. Anza na glavu, hata zile za kuoshea vyombo zenye vipele viganjani. Gumba linaumia kwa sababu unafinya ukingo wa soksi na kuvuta. Igeuze ndani nje hadi kisigino, ivike unyayoni, hakikisha kisigino kimekaa mahali pake, ndipo uipandishe kwa viganja, kidogo kidogo. Ngozi iwe kavu, mafuta apakwe usiku. Na mvalishe kabla hajashuka kitandani, maana akishasimama mguu unaanza kujaa.

Binti_Nairobi
Mimi namvalisha mama. Glavu zilisaidia, lakini kilichoniokoa ni kitambaa. Zamani watu walitumia mfuko wa plastiki. Tangu marufuku ya 2017 hiyo mifuko haipatikani huku. Nikampelekea fundi cherehani kitambaa cha mwavuli uliovunjika, akanishonea kama soksi fupi pana. Unamvika mama hicho kwanza, soksi inateleza juu yake hadi inapita kisigino, halafu unakichomoa kupitia uwazi wa vidole. Kama soksi imefungwa vidole, njia hii haifai.

Mlezi_Leicester
Asante dada, karibu zote ninazovalisha zina uwazi. Na fremu je?

Fizio_Dar
Fremu ni nzuri kwa anayeweza kuketi na kusukuma mguu chini, kwa sababu nguvu inatoka kwake badala ya mikono yako. Kwa mgonjwa wa kulala haisaidii, na kuibeba nyumba hadi nyumba ni mzigo. Kwa kazi yako ningechukua kitambaa pamoja na glavu.

Ila nisisitize: mguu ukiwa wa baridi, una kidonda kwenye vidole, au mgonjwa ana kisukari na miguu imekufa ganzi, usilazimishe soksi kabla mishipa ya ateri, inayopeleka damu mguuni, haijapimwa. Na ukitumia vifaa vyote bado unang'ang'ana, mwambie daktari. Kuna vifungio vya velkro vya kuzungushia mguu badala ya soksi, na kuna kuvaa soksi mbili nyepesi, moja juu ya nyingine, shinikizo likajumlishwa. Usibadilishe mwenyewe.

Nesi_Tanga
Naunga mkono. Nyongeza: soksi ikizidi urefu, usikunje ukingo wa juu, ishushe na uisambaze upya. Ule mkunjo hubana kama kamba.

Mlezi_Leicester
Nimeelewa. Kesho naenda kutafuta mwavuli mbovu.