Mnada wa kulipia dau: simu ya laki tisa kwa elfu 48?

NgamianiKati: Wakuu, hapa Tanga kuna tovuti ya mnada inazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Dau moja unalinunua shilingi 500, na kila dau linapandisha bei shilingi 10. Simu inayouzwa 900,000 dukani wameandika imekwenda kwa 48,000. Muuzaji anakula wapi? Na ukishindwa, pesa ya madau inarudi?

Hesabu_Chuda: Hairudi, na ndipo anapokula. 48,000 gawa kwa 10 ni madau 4,800. Mara 500, ni 2,400,000. Ongeza 48,000 ya mshindi: kavuna 2,448,000 kwa simu ya laki tisa. Usitegemee kuvizia sekunde za mwisho pia. Kila dau linaongeza muda upya, sekunde 10 au 15 hivi. Na hapo bado hajamwibia mtu.

Raskazone: Wizi unaanzia kwenye majina. Mwenye tovuti anaweza kuweka programu icheze kwa majina ya bandia, maana madau yake hayamgharimu chochote. Kabla ya kulipa, tazama minada kadhaa na uandike majina. Jina linalodaka kila ikibaki sekunde moja, saa nane mchana na saa nane usiku, huyo si binadamu.

Masharti nayo yasome: gharama ya kuletewa mzigo, na kile kitufe cha "nunua sasa". Wanakwambia madau uliyopoteza yatapunguzwa kwenye bei, kumbe bei yenyewe imeshapandishwa, na madau ya bonasi mara nyingi hayahesabiwi. Linganisha kwanza na maduka ya simu hapo Ngamiani. Ukitumia kadi, zima ile huduma ya kujaziwa madau yenyewe yakiisha.

Wakikuahidi gawio kwa kuleta wenzako, kimbia. Zeek Rewards ya Marekani ilikuwa na mnada wa namna hii. Ilifungwa Agosti 2012, ikabainika waliotangulia walikuwa wanalipwa pesa za waliofuata.

NgamianiKati: Hawa wanapokea kwa namba ya mtu binafsi, wala si lipa namba. Aliyekwisha kutuma aanzie wapi?

Hesabu_Chuda: Apige huduma kwa wateja ya mtandao wake sasa hivi, waizuie hiyo pesa kabla haijatolewa. Ikishatolewa, kuirudisha ni kazi. Asifute meseji ya muamala. Apige picha za skrini za mnada, masharti na anuani ya tovuti, maana hizi tovuti hupotea usiku mmoja. Aende navyo Polisi Chumbageni akachukue RB (namba ya taarifa yake polisi). Namba ya tapeli aitume kwa meseji kwenda 15040, ya kuripoti matapeli wa simu.

Raskazone: Na kama ni kampuni iliyosajiliwa, malalamiko yaende FCC (Tume ya Ushindani) kwa maandishi, na hesabu kama hiyo ya juu iambatanishwe.